Baba amekutwa na saratani ya tezi dume: tiba ipi, wapi, na nani aamue?

Katika familia nyingi za Karagwe na Kyerwa, habari ya ugonjwa wa Mzee huwafikia watoto ikiwa imechelewa. Mama ameona kwa miezi kadhaa kwamba Mzee anaamka usiku mara nne, mara tano. Mzee mwenyewe anasema ni uzee. Kisha siku moja mkojo unagoma kabisa, bodaboda anaitwa usiku wa manane, Mzee anafikishwa hospitali na kuwekewa mpira wa mkojo. Asubuhi simu zinaanza kulia Mwanza, Dar es Salaam na kwa yule aliyeko Kampala.

Wiki chache baadaye majibu yanatoka: saratani ya tezi dume. Hapo kundi la WhatsApp la familia linawaka moto. Mmoja anataka Mzee apelekwe Ocean Road kesho yake. Mwingine anasema kiuzwe kibanja cha kule chini. Wa tatu ana namba ya mtu anayeuza dawa ya unga. Na Mzee, ambaye mwili ni wake, amelala kitandani Kayanga na hajaulizwa kitu.

Kabla hamjauza chochote, someni hapa. Saratani hii ina tiba nyingi, na haziko katika foleni moja ya kuanzia duni kwenda bora. Kila tiba ina mgonjwa wake. Kwa familia iliyo mbali na mashine za mionzi, swali kubwa ni hili: tiba ipi inafaa ugonjwa ulipofika, na Mzee ataweza kuifuata mpaka mwisho?

Tezi kuvimba na saratani ni vitu viwili

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume anapozeeka, sehemu ya ndani ya tezi huvimba na kuibana njia hiyo. Uvimbe huo wa kawaida huwapata wazee wengi na si saratani. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, ndiyo maana inaweza kukua muda mrefu bila dalili yoyote. Vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Mzee aliwahi kufanyiwa operesheni ya tezi miaka mitano iliyopita, mkojo ukafunguka, kila mtu akaamini tezi imeondolewa. Operesheni ile ya kufungua mkojo huondoa nyama ya ndani peke yake. Sehemu ya nje inabaki, na saratani inaweza kuota hapo baadaye. Kwa hiyo aliyekwisha kufanyiwa operesheni ya namna hiyo bado anahitaji kupimwa.

Jambo la pili: nyama inayotolewa katika operesheni hiyo inatakiwa kupelekwa maabara ya patholojia ikaangaliwe kwa hadubini. Wengine hutoka wodini wakiwa na furaha ya kukojoa vizuri na hawarudi kuchukua majibu. Kama Mzee alifanyiwa operesheni ya tezi, ulizeni majibu ya kile kinyama yako wapi.

Majibu matatu ya kuwa nayo mkononi

Kipimo cha damu cha PSA huonyesha kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Kikiwa juu ya 4, daktari huanza kuuliza maswali, lakini hakitoshi peke yake kusema ni saratani. Maambukizi ya mkojo hukipandisha. Mpira wa mkojo hukipandisha. Tendo la ndoa au kuendesha baiskeli mwendo mrefu katika siku mbili kabla ya kipimo kunaweza kukipandisha pia, na huku kwetu wazee bado wanapanda vilima kwa baiskeli. Mwambieni daktari mambo hayo kabla damu haijatolewa.

Kipimo cha kidole huchukua chini ya dakika moja. Daktari huvaa glavu na kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, akitafuta kama imekuwa ngumu au ina vinundu. Wanaume wengi wanakiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari mwenye adabu humweleza mgonjwa kila hatua kabla ya kuigusa, na Mzee ana haki ya kuomba faragha.

Kipimo kinachothibitisha ni kinyama. Vipande vidogo huchukuliwa kwa sindano kutoka kwenye tezi na kupelekwa maabara. Majibu yake hutaja alama ya Gleason, inayoanzia 6 kwenda 10. Sita ni saratani ya polepole; 8, 9 na 10 ni saratani kali. Baada ya hapo daktari huagiza picha, iwe utrasaundi, CT scan au skani ya mifupa, ili kujua kama ugonjwa umetoka nje ya tezi.

Haya ndiyo mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuzungumzia tiba: saratani imefika wapi, ina ukali gani, na Mzee ana umri na afya gani. Mzee wa miaka 82 mwenye kisukari na moyo dhaifu hatibiwi kama baba wa miaka 58 anayelima mwenyewe.

Ikiwa bado imo ndani ya tezi

Hapa kuna nafasi ya kupona kabisa, na kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kufuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa. Watoto wengi wakisikia hivyo hukasirika wakidhani Mzee amekatiwa tamaa. Sivyo. Saratani yenye Gleason 6 inaweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Mgonjwa hupimwa PSA kila baada ya miezi michache na kinyama hurudiwa pale inapobidi. Ugonjwa ukionyesha kukimbia, tiba huanza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uligawa wanaume zaidi ya 1,600 waliogundulika mapema katika makundi matatu: waliofuatiliwa, waliofanyiwa upasuaji na waliopigwa mionzi. Matokeo ya miaka kama 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kuwa katika kila kundi waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 kati ya 100. Sharti la njia hii ni moja: Mzee lazima arudi kupimwa. Kama hatarudi, njia hii haimfai.

Ya pili ni upasuaji wa kuondoa tezi yote pamoja na vifuko vya mbegu. Hii ni operesheni kubwa inayohitaji daktari bingwa wa njia ya mkojo. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo wengi huvuja mkojo kwa majuma au miezi kabla ya kujirudi, na wengine nguvu za kiume hupungua au hupotea. Mambo hayo yasemwe wazi mbele ya mgonjwa na mke wake kabla ya kusaini karatasi.

Watanzania tuna mfano tunaoukumbuka. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete, wakati huo akiwa na miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, na wananchi wakaelezwa kuwa ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema. Alirudi kazini na kumaliza muhula wake mwaka uliofuata. Kiongozi wa nchi kutaja ugonjwa huo hadharani kuliwapa wanaume wengi ruhusa ya kuutaja nyumbani.

Ya tatu ni mionzi. Mashine huelekeza mionzi kwenye tezi kwa dakika chache kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Utaratibu wa zamani huchukua wiki saba au nane. Siku hizi vituo vingi duniani hutumia dozi kubwa zaidi kwa siku chache na kumaliza kwa wiki nne hivi. Mionzi haiumi wakati wa kupigwa, ila huleta uchovu, kukojoa mara kwa mara na kuharisha. Wachache huona damu kwenye choo miezi kadhaa baadaye. Nguvu za kiume nazo hupungua taratibu. Kama saratani ni ya ukali wa kati au kali, mionzi huambatana na tiba ya homoni kwa miezi sita hadi miaka mitatu. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 83. Alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95.

Kwa mtu wa Nkwenda au Nyaishozi, gharama ya mionzi haiko kwenye mashine tu. Iko kwenye kulala. Wiki nne hadi nane Mwanza au Dar es Salaam zinahitaji chumba, chakula na mtu wa kumsindikiza. Ulizeni daktari mapema ni siku ngapi za mionzi zimepangwa, mtafute mahali pa kukaa ndipo safari ianze. Anayekatiza mionzi katikati kwa sababu hela ya chakula imeisha anapoteza faida kubwa ya siku alizokwisha kupigwa.

Ikiwa imesambaa: uamuzi ambao familia huukimbia

Wagonjwa wengi katika Afrika Mashariki hufika hospitali saratani ikiwa imeshafika kwenye mifupa. Dalili yake huwa maumivu ya kiuno, nyonga au mgongo ambayo Mzee aliyapaka dawa ya kuchua mwaka mzima. Hapo kuondoa tezi hakumalizi ugonjwa tena. Lakini tiba ipo, na inaweza kumpa miaka ya kuishi, kutembea na kulala bila maumivu.

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na korodani. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba homoni hiyo ikikatwa, saratani hunywea hata ikiwa kwenye mifupa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na ugunduzi wake bado ndio msingi wa tiba duniani kote, hospitali za matajiri na za maskini.

Kukata homoni kuna njia kuu mbili.

Moja ni sindano, kama goserelin au leuprolide, inayochomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Huuambia ubongo uache kuziamrisha korodani. Katika wiki za mwanzo homoni hupanda kwanza kabla ya kushuka, kwa hiyo daktari hutoa vidonge kama bicalutamide vya kuzuia madhara ya mpando huo. Uzuri wa sindano ni kwamba ikiachwa, mwili unaweza kurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana inamfaa anayehitaji homoni kwa muda tu, kama yule anayepigwa mionzi. Ubaya wake ni bei na kalenda. Sindano ikikosekana dukani, mvua ikikata barabara, au kahawa ikiwa haijauzwa, dozi inapitwa. Homoni inaamka, na saratani inaamka nayo.

Njia ya pili ni operesheni ya kuondoa korodani. Ni operesheni ndogo. Hufanywa kwa ganzi, mara nyingi chini ya saa moja, na daktari wa upasuaji anaweza kuifanya hata katika hospitali isiyo na bingwa wa njia ya mkojo. Mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Homoni hushuka ndani ya saa chache, haisubiri wiki, na hakuna sindano ya kununua tena. Kwa kudhibiti ugonjwa uliosambaa, nguvu yake ni sawa na ya sindano.

Mbona basi wengi wanaikataa? Kwa sababu ya neno lenyewe. Katika jamii zetu neno "kuhasi" ni la ng'ombe na mbuzi. Mzee anaona ataondoka duniani akiwa nusu mtu. Watoto nao wanaona aibu kulitamka mbele ya Tata, hivyo wanachanga sindano ya kwanza, ya pili, kisha mchango unakufa kimyakimya.

Tuseme mambo mawili yanayosaidia. Kwanza, sindano na operesheni zote hupunguza hamu na nguvu za tendo la ndoa, kwa sababu kazi yake ni moja: kuondoa homoni. Anayechagua sindano ili kuepuka hilo hajaliepuka. Pili, kuna namna ya operesheni ambayo daktari huondoa nyama ya ndani ya korodani na kuacha ganda lake, hivyo mfuko haubaki mtupu. Ulizeni kama inawezekana. Hakuna jirani atakayejua, na Mzee akikaa barazani na wenzake hana cha kueleza.

Bado uamuzi ni wake. Kuna mwanaume atakayesema, baada ya kuelezwa yote, kwamba anataka sindano na kwamba atauza mbuzi kila msimu kuilipia. Hiyo ni haki yake, mradi familia ikae na kupiga hesabu ya mwaka mzima badala ya hesabu ya sindano moja.

Tiba ya homoni, kwa njia yoyote ile, ina madhara mengine ya kujiandaa nayo: joto la ghafla na jasho, uchovu, kupungua misuli, kuongezeka tumbo, sukari kupanda na mifupa kudhoofika. Mzee atembee kila siku, aende kibanjani hata kama halimi sana. Dagaa wa ziwani wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, na jua la asubuhi, husaidia mifupa. Sigara aiache. Rubisi aipunguze, na gongo asiiguse.

Dawa za kuongezea

Homoni ikikatwa, ugonjwa hutulia kwa miezi mingi au miaka, kisha kwa wengi hupata njia nyingine ya kukua. Siku hizi madaktari hawasubiri hapo. Mgonjwa mwenye nguvu huongezewa dawa mapema. Docetaxel ni tibakemikali ya dripu inayotolewa kila wiki tatu, kwa kawaida mara sita. Abiraterone ni vidonge vya kila siku, humezwa tumbo likiwa tupu pamoja na prednisolone. Shirika la Afya Duniani liliingiza abiraterone katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na zipo za viwanda mbalimbali zenye bei ya chini kuliko ile ya awali. Muulizeni daktari wa saratani kama Mzee anafaa kuongezewa, na kama dawa inapatikana kwa mfululizo bila kukatika.

Miguu ikilegea, msisubiri kesho

Saratani ikiwa kwenye uti wa mgongo inaweza kuubana mshipa mkuu wa fahamu. Dalili zake ni maumivu makali ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kulegea au kufa ganzi, na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Hii ni dharura. Mgonjwa anayefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza siku kadhaa mara nyingi habadiliki. Akipatwa na hayo, apelekwe siku hiyo hiyo, na mtaje kwa sauti kwamba ana saratani ya tezi dume.

Kwa maumivu ya mifupa yasiyo ya dharura, mionzi ya siku moja tu inaweza kutosha kuyatuliza. Hili ni muhimu kwa wa mbali: safari ya mionzi ya kutuliza si lazima iwe ya wiki nane. Kuna pia mofini ya kunywa, ambayo hutolewa kwa utaratibu maalumu katika huduma ya tiba shufaa. Mofini iliyopimwa na daktari kwa maumivu ya saratani haimgeuzi Mzee kuwa mlevi. Humpa usingizi na hamu ya kula. Mkiambiwa "hakuna cha kufanya tena", ulizeni tiba shufaa iko wapi.

Njia ya kutoka kijijini mpaka Bugando

Wengi wetu huanzia karibu: Nyakahanga au Nyakaiga kwa upande wa Karagwe, Isingiro kwa upande wa Kyerwa, au hospitali na vituo vya serikali vya wilaya hizo mbili, zilizokuwa moja mpaka Kyerwa ilipopewa wilaya yake mwaka 2012. Hapo Mzee anaweza kuonwa, kutolewa damu na kuwekewa mpira. Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024 huwa na daktari wa upasuaji. Tangazo likitoka kijijini, mpelekeni Mzee.

Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Baada ya hapo ni Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yenye idara ya saratani na tiba ya mionzi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa anayepitia Geita hasubiri tena kivuko. Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo taasisi ya taifa ya saratani, lakini haina maana kila mgonjwa wa Kagera aende huko. Tiba nyingi tulizotaja zinaweza kuanzia Mwanza, na nyingine Bukoba. Wapo wanaovuka Murongo au Mutukula kwenda Mbarara na Kampala kwa kuwa wana ndugu huko. Wafanye hivyo wakijua kwamba bima ya nyumbani haivuki nao mpaka.

Kuhusu fedha, fanyeni mambo matatu kabla ya kuuza ardhi. Chukueni barua ya rufaa katika kila ngazi, kwa sababu bila hiyo bima nyingi hazilipi. Ulizeni kadi yenu inaishia wapi: CHF iliyoboreshwa iliwekwa kufika hospitali ya rufaa ya mkoa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya ambao mtaalamu wa bima hospitalini anapaswa kuwaeleza. Tatu, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Kila hospitali kubwa inayo, na ndiyo inayoshughulikia misamaha ya wasioweza kulipa. Wengi hawaipiti kwa kuona haya.

Kibanja ndicho kinachomlisha Mama na wajukuu. Kikiuzwa kwa safari ya Dar es Salaam ambayo haikuhitajika, Mzee atarudi na ugonjwa ule ule, na ndizi hazipo.

Dawa ya unga na magome

Gome la mti wa Prunus africana, unaoota katika nyanda za juu za Afrika, hutengenezewa dawa hata Ulaya. Linaweza kupunguza usumbufu wa mkojo kwa mwenye tezi iliyovimba kawaida. Halijathibitishwa kutibu saratani. Hatari iko hapo hapo: mkojo unafunguka kidogo, Mzee anasema amepona, na saratani inaendelea na safari yake kwenda mifupani. Wengi tunakumbuka foleni za Loliondo mwaka 2011 na watu walioacha dozi zao za hospitali wakitegemea kikombe.

Mzee akitaka dawa ya asili, msigombane naye. Mwombeni aitaje kwa daktari, na asiache tiba ya hospitali. Anayesema dawa yake haifanyi kazi mpaka uache ya hospitali, mkimbieni.

Kikao cha nyumbani

Kikao cha kwanza kifanyike na Mzee akiwemo. Apewe majibu yake kwa lugha anayoielewa, Kinyambo kama ndicho anachokimudu, na mtu anayemheshimu: kaka yake, mwanawe mkubwa, au mchungaji au padri wake akitaka. Mambo ya tendo la ndoa na mkojo mara nyingi huzungumzika vizuri zaidi akiwa na rika lake au daktari pekee kuliko mbele ya binti zake. Kisha aulizwe analotaka: kuishi muda mrefu hata kwa taabu, au kupunguza safari na kukaa kwake bila maumivu. Majibu yote mawili ni ya heshima.

Mama awemo pia. Yeye ndiye atakayemwaga mfuko wa mkojo, kufua mashuka na kuamka usiku. Aelekezwe kunawa mikono kabla ya kuugusa mpira, kuuweka mfuko chini ya usawa wa kibofu, na kumpa Mzee maji ya kutosha. Aelezwe mapema pia kwamba hamu ya mumewe itapungua kwa sababu ya dawa, asije akadhani amechokwa.

Chagueni mtoto mmoja wa kushika faili. Ndani yake ziwemo PSA zote na tarehe zake, majibu ya kinyama, picha, barua za rufaa na siku ya sindano inayofuata. Pigeni picha kila karatasi na kuihifadhi kwenye simu mbili. Daktari wa Bugando akiona PSA ya miezi sita iliyopita na ya leo, anajua dawa inafanya kazi au la.

La mwisho ni la watoto wa kiume. Mwanaume ambaye baba au ndugu yake wa damu ana saratani hii, hatari yake ni kama maradufu ya mwingine, na kwa Waafrika weusi ugonjwa huu huja mapema na kwa ukali zaidi. Mkishafika miaka 40 hadi 45, muulizeni daktari kuhusu kipimo, hata kama mnakojoa vizuri. Siku mnayompeleka Mzee kliniki, daktari yupo na maabara iko wazi. Tolewa damu na wewe.